Aprili au Mei 2027? Naomba ushauri kuhusu safari ya wiki mbili Ulaya, kutoka Mwanza

Nyavu Kirumba:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Mwaka 2027 mimi na mke wangu tutatimiza miaka 25 ya ndoa, na tumekubaliana kwamba akiba ambayo ingeishia kwenye ukumbi na vyakula itupeleke Ulaya kwa wiki mbili. Tunayoyataka ni matatu: kusali Roma katika Basilika la Mtakatifu Petro, kuiona Paris, na kuyaona mashamba ya maua ya tulipu ya Uholanzi, ambayo mke wangu ameyatamani tangu tukiwa wachumba.

Kila tuliyemuuliza ametushauri twende majira ya kuchipua, yaani kati ya Machi na Mei, kabla joto na umati wa kiangazi havijafika. Shida ni kwamba miezi mitatu ni muda mrefu, na washauri wetu hawasemi kitu kimoja. Mmoja anasema twende Pasaka, kwa kuwa hakuna wakati wa kuiona Roma unaoshinda Pasaka. Mwingine anasema tusithubutu kabla ya Mei, kwa sababu Machi na Aprili bado ni baridi. Wa tatu, ambaye anauza tiketi hapa mjini, anasema tarehe yoyote ni sawa mradi tulipie mapema, na jibu hilo ndilo lililonifanya nije kuuliza hapa.

Kuna mambo mawili yanayotubana. Kwanza, mke wangu ana pumu, na baridi ikizidi humsumbua. Pili, mimi nauza nyavu na taa za sola kwa wavuvi wa dagaa. Wenyeji wa ziwani mnajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo biashara yangu hushika kasi giza linapokaribia na hupoa mwezi unapokuwa mpevu. Ningependa siku za safari ziangukie mwezi mpevu, ambao kwa kalenda niliyonayo utakuwa tarehe 20 Aprili na tena tarehe 20 Mei. Kati ya nafasi hizo mbili, ipi ni bora, na kwa sababu gani?

Msafiri wa Ukerewe:

Kaka, hongera sana, na umfikishie shemeji salamu zetu. Nionavyo mimi, swali la Aprili au Mei halijibiki vizuri mpaka ujue mtaanzia wapi na kuishia wapi. Majira ya kuchipua hayaingii Ulaya yote siku moja. Huanzia kusini, kwenye nchi za Mediterania, yakapanda kaskazini polepole, kiasi kwamba michungwa ya Sevilla hutoa maua mwezi Machi wakati mashamba ya Uholanzi bado yamejikunyata kwa baridi. Sisi wa Kanda ya Ziwa hilo halitushangazi, maana Bukoba na Shinyanga haziko mbali sana lakini hakuna mkulima anayezipangia tarehe moja ya kupanda.

Chukua wastani wa joto la mchana. Mwezi Aprili Roma hufikia kama nyuzi 19 za Selsiasi, Paris kama 16, na Amsterdam kama 13 au 14, na usiku Amsterdam hushuka hadi nyuzi 4 au 5. Mwezi Mei kila mmoja wa miji hiyo huongeza kama nyuzi 4. Mtu anayeanzia Amsterdam mapema Aprili na kumalizia Roma anakutana na baridi siku ambayo mwili wake bado unalijua joto la Mwanza peke yake, tena anafika kaskazini kabla maua hayajafunguka. Akiigeuza njia hiyohiyo, akaanzia Roma, akapitia Paris na kumalizia Uholanzi, kila siku inayopita inamfanyia kazi, kwa sababu kaskazini inazidi kupata joto wakati yeye bado yuko kusini, na mwili wake unazoea hatua kwa hatua. Kwa mtu mwenye pumu, naona mpangilio huu una uzito kuliko kusogeza safari nzima mbele kwa wiki mbili au tatu.

Jambo la pili ni Pasaka, ambayo huharibu mipango ya wengi kwa sababu haina tarehe ya kudumu. Huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo inaweza kuwa siku yoyote kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Wewe uliyezoea kuhesabu mwezi kwa ajili ya dagaa utaielewa kalenda hii kuliko sisi wengine. Mwaka 2027 Pasaka inawahi sana: ni tarehe 28 Machi. Anayetaka kuadhimisha Juma Kuu mjini Roma atabarikiwa kwa hakika, na tiketi za ibada za Papa hutolewa bure na Vatikani yenyewe, lakini bei za vyumba hupaa, foleni hurefuka, na Uholanzi wakati huo haina cha kumwonyesha shemeji zaidi ya maua ya mwanzo kama krokasi na narsisi. Tena usiku wa kuamkia Pasaka hiyo ndio usiku ambao saa za Ulaya husogezwa mbele, saa nane ikawa saa tisa, na kuanzia hapo Roma, Paris na Amsterdam hubaki nyuma yetu kwa saa moja tu.

Faida ya Pasaka kuwahi ni kwamba katikati ya Aprili inabaki wazi. Umati wa Juma Kuu unakuwa umekwisha kuondoka na sikukuu za Mei hazijaanza. Kama Pasaka ingeangukia tarehe 18 Aprili, nisingekushauri hivi; lakini kwa mwaka 2027 hasa, ningechagua siku zilizo kati ya tarehe 13 na 26 Aprili bila kusita. Mwezi wako mpevu wa tarehe 20 unakaa katikati kabisa.

Mama Ilemela:

Kaka yangu, ninayaheshimu maelezo ya Msafiri, ila naona hajamfikiria vya kutosha wifi yangu. Nimeishi Ubelgiji kwa masomo, na naomba nieleze Aprili ya huko inavyokuwa mtu akiwa barabarani na si akiwa anasoma jedwali. Unatoka nyumbani jua linawaka na anga ni buluu. Kabla hujafika kituo cha basi, wingu jeusi linatokea baharini, upepo unabadilika, na mvua ya mawe madogo kama punje za mtama inakupiga usoni na kurukaruka juu ya lami. Dakika chache baadaye jua limerudi na barabara inafuka mvuke. Hali hiyo inaweza kujirudia mara kadhaa kwa siku moja. Nyuzi 13 zenye upepo wa Bahari ya Kaskazini ni baridi halisi kwa mtu aliyezaliwa kando ya ziwa letu.

Mei ni kitu kingine. Si joto tu linaloongezeka, bali pia mwanga, jambo ambalo sisi wa karibu na Ikweta hatulifikirii kwa sababu jua letu huchwa saa moja mwaka mzima. Paris katikati ya Aprili jua huchwa kama saa mbili na dakika arobaini usiku. Katikati ya Mei huchwa baada ya saa tatu na dakika ishirini. Mnaweza kula chakula cha jioni na bado mkatembea kando ya mto Seine kukiwa kweupe. Kwa wageni wenye wiki mbili tu, mwanga huo ni sawa na kuongezewa siku, na kwa watu wasiouzoea mji ni usalama pia.

Ni kweli kwamba Mei ina sikukuu nyingi na lazima uzikwepe. Mwaka 2027 sikukuu ya Kupaa Bwana ni Alhamisi tarehe 6 Mei, na Wafaransa wengi huiunganisha na Ijumaa na mwisho wa wiki, hivyo treni hujaa. Pentekoste ni tarehe 16 Mei, na Jumatatu yake ni mapumziko Ufaransa na Uholanzi. Lakini kuanzia tarehe 18 Mei kunakuwa na utulivu, na mwezi wako mpevu ni tarehe 20. Tena kwa kuwa ninyi ni Wakatoliki, mkitangulia kidogo mnaweza kuwa Fatima, Ureno, usiku wa tarehe 12 Mei, mahujaji wanapowasha mishumaa kukumbuka tokeo la Bikira Maria la tarehe 13 Mei 1917. Siwezi kueleza kwa maandishi uzuri wa sala ile, maelfu ya watu wakiimba pamoja. Tulipu mtazikosa, nakiri, lakini wakati huo bustani ya waridi ya mji wa Roma, kwenye kilima cha Aventino, huwa imechanua.

Nyavu Kirumba:

Ndugu zangu, nimemsomea mke wangu majibu yote mawili. Amemshukuru sana Mama Ilemela kwa kumjali, lakini amesema baridi ataivalia nguo, tulipu hawezi kuzivalia kitu. Fatima ameiweka moyoni kwa safari nyingine, Mungu akitujalia. Kwa hiyo tunaelekea Aprili. Ninachoomba kujua sasa ni hiki: tukifika Uholanzi kati ya tarehe 23 na 26 Aprili, tutazikuta? Nisingependa tumalize akiba kisha tuoneshwe majani.

Kapripointi:

Shikamoo mzee wangu, na shikamoo kwa mama. Nilisomea kilimo cha bustani Uholanzi, kwa hiyo naomba nijibu hili kwa kirefu kidogo, maana wageni wengi huchanganya vitu viwili tofauti: bustani na mashamba.

Bustani maarufu ni Keukenhof, iliyoko Lisse, kati ya miji ya Leiden na Haarlem. Hufunguliwa kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi kabla ya katikati ya Mei, kisha hufungwa mpaka mwaka unaofuata. Kila msimu wa majani kupukutika hupandwa humo vitunguu vya maua (sehemu ya chini ya ardhi ambamo ua huota) vipatavyo milioni 7, kwa mkono, na vingi hupandwa kwa tabaka: aina inayochelewa kuchanua chini, inayowahi juu, ili moja ikinyauka nyingine iwe inajitokeza mahali palepale. Kwa hiyo ndani ya bustani hamtakosa maua tarehe 23 Aprili, mwaka uwe wa baridi au wa joto.

Mashamba ni habari nyingine, na hayo ndiyo mama anayoyaona kwenye picha, mistari mirefu ya nyekundu na njano inayofika mpaka upeo wa macho. Mkulima wa pale hauzi ua bali kitunguu kilicho ardhini. Ua likishafunguka na yeye akalikagua kuhakikisha kwamba aina haikuchanganyika na kwamba hakuna mmea wenye ugonjwa, hulikata kichwa kwa mashine, ili nguvu ya mmea irudi kwenye kitunguu badala ya kutengeneza mbegu. Nimesimama kando ya shamba lililokatwa asubuhi hiyohiyo: shina na majani yamebaki wima, kijani kitupu, na petali zimetapakaa kwenye mifereji kati ya matuta, nyingine zimerundikwa pembeni zikianza kulainika na kubadilika rangi. Mgeni aliyefika siku hiyo hudhani amechelewa msimu mzima, kumbe shamba la jirani, lenye aina inayochelewa, bado limejaa rangi.

Kwa kawaida mashamba huwa katika ubora wake kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wake. Baridi ya mwisho wa kipupwe ikirefuka husogea mbele, na Machi ikiwa ya joto huwahi. Tarehe 23 hadi 26 ziko ndani ya muda huo, upande wa mwishomwisho. Mkiweza kusogea siku moja au mbili nyuma, sogeeni. Lakini msisogee hadi mwanzo wa Aprili, kwa maana ni afadhali kukuta mashamba mawili yamekatwa na ya tatu yamechanua, kuliko kukuta yote bado ni machipukizi.

Ijumaa ni bora kuliko Jumamosi. Kuna Jumamosi moja ya Aprili ambapo magari yaliyopambwa kwa maua hupita barabarani kutoka Noordwijk hadi Haarlem, na siku hiyo eneo zima hufurika. Tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme. Amsterdam huvaa rangi ya chungwa, watu huuza vitu vyao barabarani, na usafiri wa katikati ya mji huwa mgumu. Kwa vijana ni siku ya furaha kubwa, ila kwa mtu mwenye pumu anayevuta masanduku kuelekea uwanja wa ndege, ningependa awe ameshaondoka.

Kuhusu pumu yenyewe, Mama Ilemela amesema kweli juu ya baridi, lakini upande wa pili wa Mei ni chavua. Nyasi za Ulaya huanza kumwaga chavua kwa wingi kuelekea mwisho wa Mei na kuendelea Juni, na Aprili ni zamu ya miti, hasa ule unaoitwa birch. Hakuna mwezi wa machipuko usio na chavua kabisa. Mama abebe dawa yake ya kuvuta kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalopakiwa, pamoja na barua ya daktari, na avae skafu anayoweza kuipandisha puani upepo unapoanza.

Bwiru:

Naongeza la viza, kwa sababu ndilo litakaloamua kama tarehe hizo zitawezekana. Italia, Ufaransa na Uholanzi zote ziko katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Huombwa kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwenye nchi mtakayoingilia. Hakikisheni ratiba yenu inaonyesha hivyo waziwazi, maana mtu akiomba viza ya nchi moja huku ratiba ikionyesha analala zaidi kwenye nchi nyingine, hujiletea maswali.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Kwenu ninyi dirisha linafunguka katikati ya Oktoba 2026. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45, kwa hiyo anayesubiri Machi anajiweka rehani. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Mtahitaji bima ya safari inayogharamia matibabu yasiyopungua yuro 30,000, na muulize kwa maandishi kama pumu, kwa kuwa ilikuwapo kabla, imo ndani ya bima. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya.

Kwa kuwa ni mara yenu ya kwanza, lazima mfike Dar es Salaam wenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Pangeni safari hiyo siku za mbalamwezi pia, mwezi Oktoba au Novemba, ili duka lisiumie. Na tiketi ya ndege iwe ya kuingilia Roma na kutokea Amsterdam. KLM na Turkish Airlines, zinazofika Dar es Salaam, huuza tiketi ya namna hiyo kama tiketi moja, bila kuwalazimu kurudi mlikoanzia.

Nyavu Kirumba:

Nimewaelewa, na ninawashukuru kwa moyo wote. Nimeketi na mke wangu tukaandika hivi: tunaingia Roma Jumanne tarehe 13 Aprili na kulala huko usiku sita, hadi Jumatatu tarehe 19. Tunaruka kwenda Paris, tunalala usiku tatu. Alhamisi tarehe 22 tunapanda treni ya mwendokasi kwenda Uholanzi na kulala Leiden badala ya Amsterdam, ili bustani iwe karibu. Ijumaa tarehe 23 ni ya Keukenhof, Jumamosi ni ya mashamba, Jumapili ni Misa na mapumziko, na Jumatatu tarehe 26 jioni tunaondoka kabla ya Siku ya Mfalme. Viza tutaomba Italia, kwa kuwa ndiko usiku mwingi zaidi uliko. Kama kuna kosa, naomba mlirekebishe sasa.

Msafiri wa Ukerewe:

Kaka, mpango umekaa vizuri, na kulala Leiden ni uamuzi mzuri kuliko nilivyofikiria mimi, kwa sababu treni ya kutoka hapo hadi uwanja wa ndege wa Schiphol huchukua kama dakika ishirini tu. Nina marekebisho ya siku, si ya tarehe.

Jumatano tarehe 14 asubuhi iacheni wazi kwa ajili ya Papa Leo wa 14, kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ya kukutana na mahujaji akiwa Roma, na tiketi zake ni bure. Makumbusho ya Vatikani yawekeni Alhamisi au Ijumaa, msiyaweke Jumapili tarehe 18, maana Jumapili hufungwa isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Jumapili hiyo nendeni kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro saa sita mchana kwa sala ya Malkia wa Mbingu, ambayo husaliwa kipindi chote cha Pasaka mahali pa Malaika wa Bwana.

Paris mtakuwa na Jumanne na Jumatano kamili. Louvre hufungwa Jumanne, kwa hiyo Jumanne tarehe 20 iwe ya Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa mwaka 2019 na ambayo kuingia ni bure, na Louvre iwe Jumatano. Wageni wasiotoka Ulaya sasa hulipa yuro 32 pale, hivyo muiingize kwenye bajeti mapema. Tiketi ya Keukenhof nayo hununuliwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu. Chukueni saa ya kwanza ya asubuhi.